Plasta ya Vipepeo

Jumatatu, katika chuo cha kwanza, kitanda kilinikata kidole. Kilikuwa kitanda cha chuma, ncha yake imeachwa kali bila kupigwa msasa. Nilijifunga kidole, kisha nikabandika plasta nyingine kwenye ile ncha, plasta ya kitoto yenye picha za vipepeo, maana binti wa mdogo wangu alikuwa amepangiwa chuo hicho hicho na angeripoti Jumatano. Nikahesabu vitanda, mia mbili na arobaini, vyote na magodoro yake. Nikaandika "Tayari" kwenye fomu ya ukaguzi, nikasaini. Nikampigia mdogo wangu simu: "Usihangaike na godoro. Kila kitu kipo."

Alhamisi tukawa chuo cha tatu, mwendo wa saa tano kwa gari. Mwenyekiti wa timu yetu, mtu ambaye tangu tuanze ukaguzi hajafungua bomba hata moja, alikuwa ameshakaa kwa mkuu wa chuo anakunywa soda. Mimi nina kaugonjwa kangu, lazima niguse kila kitu. Nikaingia bwenini. Kwenye kitanda cha nane nikawakuta vipepeo wangu.

Nilimwita mkuu wa chuo, akaja na mwenyekiti.

"Vitanda hivi mmevinunua lini?"

"Mwezi uliopita, mama. Vipya kabisa."

"Na plasta yangu mliinunua pamoja navyo?"

Akakitazama kiatu chake. Mwenyekiti akanivuta pembeni.

"Dada, punguza sauti. Vitanda vinazunguka, kila mtu anajua. Tukiandika havipo, vyuo havifunguliwi. Weka saini, mengine yatajipa."

"Kwa hiyo Jumatatu ulijua?"

"Mimi nakagua mwaka wa tisa huu."

Mwaka wa tisa, na hana hata haya! Nilitamani kumlisha ile fomu, na soda yake ateremshie. Miaka yote hiyo lori la vitanda linatutangulia, na sisi tunafika na kalamu zetu, tunahesabu vitanda vile vile, tunajiona watu wa maana.

Simu ikaita. Alikuwa binti wa mdogo wangu.

"Shikamoo, mama mkubwa. Samahani kukusumbua kazini."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

"Nimefika. Ila bweni ni tupu, jana tumelala sakafuni. Wenzangu wengine walikuja na magodoro, mimi nimetandika maboksi. Tumelalamika, mlezi wa bweni akatutolea ripoti. Anasema vitanda vipo, vimeandikwa, tusimletee fujo." Akakohoa. "Mama mkubwa, wewe unawajua wakaguzi. Nani aliyeandika kuna vitanda?"

Ningeweza kumwambia nitaulizia. Neno lilikuwa mdomoni kabisa.

"Ni mimi, mwanangu."

Kwa adabu ile ile aliyofunzwa na mama yake, akasema, "Sawa, mama mkubwa. Asante." Akakata simu.

Nilimnyang'anya mwenyekiti kalamu. Akatabasamu, akidhani nimeelewa somo.

Kwenye fomu niliandika: "Hapa hakuna kitanda hata kimoja. Na niliyoandika Jumatatu ni uongo." Kisha nikasaini, majina yangu yote matatu.