Matuta ya Wagalu

Kija aliinuka, akajipukuta vumbi, akaitazama baiskeli iliyolala kando ya tuta kama ng'ombe aliyegoma kulima. Ilikuwa imemwangusha tena. Watu waliokaa juu ya mawe upande wa pili wa kilima hawakujisumbua kuficha kicheko chao. Wale walikuwa Wagika. Yeye alikuwa Mgalu, binti wa Mgalu, na Bariadi nzima inajua kwamba Mgalu akianguka mbele ya Wagika, goti ndilo linalouma kidogo kuliko vyote.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Baiskeli, ambayo zamani uliipata kwa kibali na kwa kujuana, sasa ilining'inia dukani ikikusubiri wewe tu. Constantine, mfanyabiashara wa pale mjini, alikuwa ameleta baiskeli za gia, zenye matairi mapana ya meno, lakini wateja walizizunguka wakiuliza gunia la pamba litakaa wapi, maana hazikuwa na keria. Ndipo akabuni shindano. Aliwahi kuona Nairobi njia zilizochimbwa kilimani kwa ajili ya baiskeli tu, zinazojipindapinda, mtu akateremka mpaka chini bila kukanyaga pedali. Akawaita viongozi wa vikundi viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, wanaoshindana tangu enzi za babu zao, akawagawia kilima cha Mwagila: kila kundi lichimbe njia upande wake, zote zishukie uwanja mmoja, na lichague mwendeshaji wa baiskeli atakayoitoa yeye. Mjanja yule. Kibarua angechimba hata mwezi mzima. Lakini ukilitaja jina la Wagika mbele ya Wagalu, majembe yanaondoka yenyewe.

Wagika walichimba njia laini kama sakafu. Wagalu nao walichimba wanavyolima, kwa ngoma na wimbo, wakiongozwa na Maduhu, baba yake Kija, na hapo ndipo walipoharibu. Mkulima wa pamba akishika jembe na wimbo ukakolea, mwili unajua kazi moja tu, kuinua tuta. Kila kiitikio kilipofika, majembe yote yalivuta udongo kwa pamoja, na tuta jipya likakaa katikati ya njia. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa kazi ilikuwa tamu. Walipofika chini na kugeuka kutazama, kilima chote kilikuwa shamba la pamba lisilo na pamba.

Maduhu aliona aibu mpaka akaacha kwenda kilabuni. Machibya, msaidizi wake, hakumhurumia.

"Tunayasawazisha yote," alisema kikaoni. "Na baiskeli apewe kijana wetu Marcelo. Mwanamke akianguka mbele ya Wagika tutaimbwa mpaka wajukuu."

Kija ndiye aliyekuwa amechaguliwa, na si kwa upendeleo. Kwa miaka alileta samaki wakavu kutoka Lamadi kwa baiskeli ya Phoenix, tenga limefungwa nyuma, na hakuna mwanamume wa kundi lile aliyemshinda kwa miguu wala kwa pumzi. Aliitaka nafasi ile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alikuwa amechoka kuitwa mama samaki na watu ambao hawakujua yeye hujisikiaje barabara inapoteremka na upepo kumpiga usoni. Akaomba asubuhi moja tu ya kujaribu kabla majembe hayajapanda. Asubuhi yenyewe ndiyo hii aliyokuwa akiokota baiskeli.

Akasikia jembe. Juu yake, baba yake alikuwa ameanza kubomoa tuta la kwanza, peke yake.

"Ng'wanone, mwanangu, achana nayo," Maduhu alisema bila kumtazama. "Kosa ni langu. Niache nilifukie kabla watu hawajaja."

Akaendelea kulima, na kwa kuwa hajui kulima akiwa kimya, akawa anaimba chini kwa chini, wimbo uleule wa siku ile. Kija alisimama akimsikiliza. Macho yake yalikuwa yakiteremka njiani. Baba alipofika kwenye kiitikio, macho yalikuwa kwenye tuta. Aliporudia ubeti, yalikuwa bondeni. Kiitikio tena, tuta jingine. Umbali kati ya tuta na tuta ulikuwa mmoja kilima kizima. Naye muda wote alikuwa akishika breki kwenye kila tuta, kama mtu anayekata wimbo katikati.

"Baba, weka jembe chini," alisema. "Imba tu. Imba kwa sauti."

"Niimbe na aibu yote hii?"

"Imba, baba."

Maduhu akaimba. Kija akaipandisha baiskeli, akaiachia. Kwenye kiitikio alijifanya mwepesi na tuta likamwinua. Bondeni aliinama, akakandamiza kwa mikono na miguu, na baiskeli ikaongeza mwendo bila pedali kuzunguka hata kidogo. Kwenye kona, tuta lililoinuliwa ukingoni lilimpokea na kumrusha mbele. Alipofika chini alikuwa analia, na hakujua kwa nini, ila alijua hakuna atakayemnyang'anya baiskeli ile.

Jumamosi, siku ya shindano, matuta yakiwa bado yamesimama, watu walijaa uwanjani tangu wale wa Bariadi mpaka waliotoka Nyashimo. Wagika walimtoa Sayi, kijana mwenye mapaja ya mcheza ngoma na majivuno ya kutosha kijiji. Ngoma ilipolia aliondoka kama mshale, na kwenye njia yake laini alikuwa mbele waziwazi. Machibya alifunika uso kwa kofia.

Lakini njia laini humpa mtu kasi asiyoiomba. Kona ya kwanza Sayi akashika breki, gurudumu likateleza mchangani. Kona ya pili akashika tena, kwa nguvu zaidi. Upande wa pili Kija hakugusa breki. Wagalu waliopanga mstari toka juu mpaka chini walikuwa wameupokea wimbo kwa Maduhu, na alikopita waliitikia, tuta likamrusha, bonde likamvuta, tuta likamrusha. Mara nyingine matairi yote mawili yalikuwa hewani na watu wakaiona mbingu nyuma yake. Aliingia uwanjani wakati Sayi bado anahangaika na kona ya mwisho, akapita katikati ya umati na kuishia pembeni kabisa, kwenye mashina ya pamba, kwa kuwa kusimama kulimshinda.

Wagalu walimbeba. Machibya alimbeba kuliko wote, na Kija akamwacha abebe.

Sayi aliteremka baiskeli, akaivuta mpaka kwao. Kelele zikapungua, kila mtu akingoja matusi.

"Mwadila, mzee," alimsalimu Maduhu. Akatazama juu, kwenye matuta. "Naomba na mimi niteremke upande wenu. Mara moja tu."

Mgika alikuwa anaomba njia kwa Wagalu, mchana kweupe, mbele ya Wagika wenzake. Maduhu alinyoosha mgongo wake wote.

"Sema kwa sauti," alimwambia. "Wa nyuma hawajakusikia."

Sayi akarudia kwa sauti. Maduhu akageuka amwulize binti yake kama wampe, lakini Kija alikuwa ameshaondoka, yuko katikati ya kilima, anasukuma baiskeli kwenda juu.