Kompyuta Sita za Kaunti ya Tandaziwa

1.
TANGAZO. Jumanne, Kamati ya Teknolojia ya Bunge la Kaunti itakagua zahanati tatu ili kuthibitisha Mpango wa Kidijitali wa Miaka Mitano. Wahusika wajiandae.

2.
Wajiandae.

Hapo ndipo mambo huharibika.

3.
Mpango uliandikwa na Mkawasi, afisa mipango. Ukurasa wa 12: kila zahanati ina kompyuta sita. Mkurugenzi wake alimwambia andika, akaandika. Zahanati yenye kompyuta ilikuwa moja tu, Mlalani.

4.
Saa tatu: Mlalani. Kompyuta sita.
Saa nne: chai hotelini, ndefu. Pikapu ya mkurugenzi, imefunikwa turubai, yapita njia ya mkato.
Saa sita: Kighombo. Kompyuta sita.
Chakula cha mchana, kirefu zaidi.
Saa tisa: Ndolwa. Kompyuta—

5.
Mheshimiwa Mwakio wa kamati ndiye aliyemwagia kibodi chai asubuhi, kule Mlalani. Huku Ndolwa akabonyeza herufi moja. Ikanata.

"Hata huku mnamwaga chai?" akauliza.

Mkawasi akafuta kibodi kwa leso.

6.
Simu ya Mkawasi, wiki tatu baadaye. Ni Wawuda, nesi wa Mlalani.

"Dada, hizo mashine mtarudisha lini? Faili za wagonjwa wa sukari zimo humo zote. Leo nimempa Mzee Mwadime dawa kwa kubahatisha."

"Wiki hii."

"Hata wiki jana uliniambia hivyo."

Ziko stoo ya mkurugenzi, zimefungiwa. Zinangoja ukaguzi wa pili.

7.
Kwenye korido ya bunge, wakimsema Mkawasi:

— Akisema ukweli, kazi hana.
— Na akinyamaza?
— Anapandishwa cheo.

8.
Wewe unayesoma, usimcheke. Ana watoto wawili shuleni na anaogopa, basi. Tangu simu ile kila akifumba macho anamwona yule mzee akipokea vidonge kwa mikono miwili, akisema asante.

9.
KUMBUKUMBU RASMI ZA KAMATI

Mhe. Mwakio: Bi. Mkawasi, umekula kiapo. Kompyuta ni ngapi?

Bi. Mkawasi: Sita, Mheshimiwa.

Mwenyekiti: Sita kwa kila zahanati. Iandikwe hivyo, tuendelee.

(Mkurugenzi anaitikia kwa kichwa.)

Bi. Mkawasi: Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba isiandikwe.

Mwenyekiti: Kwa nini?

Bi. Mkawasi: Kwa sababu ni sita tu, Mheshimiwa, zile za Mlalani; tulizizungusha zahanati zote tatu.