Minyoo Waliofunga Mdomo

Mjukuu wangu aliingia na begi moja, hadubini ndani ya kasha, na visahani vya kioo vilivyozungushiwa utepe. Kazi yake ni kutunza minyoo wa maabara, wale wembamba wa udongoni, na hakuwa na wa kumwachia.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "umeniletea wageni hata chai hawanywi!"

"Kama wewe," akajibu. "Jirani kanipigia simu. Anasema tangu tumzike babu, jiko lako limepoa. Usipokula, Jumapili nakubeba, ukakae kwangu."

Kwangu mimi ni hii nyumba, yenye kigoda cha mume wangu jikoni. Lakini kijiko kikifika mdomoni, koo linakataa. Nifanyeje?

Jioni akaniinamisha kwenye hadubini. Nikaona vijiuzi vimenyooka, kimya.

"Wamekufa hao."

"Wazima, bibi. Walisongamana, chakula kikapungua. Kila mnyoo hutoa harufu yake. Harufu ya wengi ikizidi, watoto wanajua hapa hapatoshi. Wanafunga mdomo. Hawali, hawakui, wanangoja."

"Ajabu. Wao wamefunga kwa kujaa, mimi kwa kubaki peke yangu."

Hakucheka. Nikauliza, "Na wanafunguliwaje?"

"Humlazimishi. Unamhamishia penye harufu ya chakula, basi. Akiisikia, anaamka mwenyewe."

Alisema hivyo, akanitazama. Kisha akaondoa bakuli la uji alilokuwa akinibembeleza nalo tangu asubuhi, akaenda jikoni. Nikasikia kisu. Alikata vitunguu vinene vinene, akaviacha kwenye mafuta hadi kingo zikaungua, vile vile alivyoviunguza babu yake, nami nikimgombeza miaka yote. Harufu ikanifuata chumbani. Mate yakanijaa. Nikainuka, nikaketi jikoni, nikala, nikaomba tena.

Kula kwangu kulinibakizia nyumba, na ndiko kulikompa yeye ruhusa ya kuondoka. Jumapili akafunga visahani vyake kwa utepe mpya.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamtania mlangoni. "Mwenyeji kapona, mgeni huyoo!"

Akacheka huku akifuta macho.

Mlango ukafungwa, nyumba ikarudi kuwa kubwa. Nikakata kitunguu kimoja, kinene, nikakiunguza kingo. Hakuna wa kumgombeza. Nikapakua sahani moja, nikakigeuza kile kigoda kitazame mezani, nikala.