Kamera Nyepesi

Kamera ya zamani ilikata roho mbele ya wauguzi waliokuwa wakihitimu, safu ya mbele wameshachuchumaa, safu ya nyuma wameshapanda benchi, kofia zimeshawekwa sawa. Dada Picha alibonyeza, kikasikika kitu kama jino linalovunjika, kisha giza. Akabonyeza tena, hola. Mdogo wake, Kitinda, akachomoa simu mfukoni, akamalizia kazi huku akiwachekesha wahitimu ili wasitambue kilichotokea. Waliporudi studio, hapakuwa na haja ya kumwita fundi. Kamera ile ilikuwa ya kuzikwa.

Jina la Dada Picha alipewa na mtaa, maana ndiye aliyewapiga watu picha tangu wakiwa kwenye nepi hadi wakaoa. Kitinda alikuwa kitindamimba wa mama yao. Mama alipofariki, mtoto alikuwa hajaweza hata kufunga kamba za viatu, na dada ndiye aliyemfunga, akamlisha, akamsomesha, na alipoona vitabu vinamkataa akamshikisha fleshi akamfundisha: simama hapa, inua juu, usimmulike bibi harusi machoni. Kazi ikawa hivyo. Dada anapiga, Kitinda anamulika. Sasa Kitinda alikuwa mwanamume mwenye ndevu na mke, na bado alikuwa anamulika.

Dukani walipokewa na muuza kamera, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kisogo. Aliweka kamera mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa kubwa, ya kioo, ya ukoo mmoja na ile iliyokufa: ukibonyeza, kioo cha ndani kinaruka na kurudi, unasikia mlio wake, unajua umepata. Nyingine haikuwa na kioo. Ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni, na haikutoa sauti yoyote.

Dada Picha aliichukua ile ndogo kwanza, kwa sababu ambayo hakuitamka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukimtetemeka tangu mwaka uliopita. Ulianza kama mzaha, kijiko kikigonga ukingo wa kikombe, ukaishia kwa daktari aliyemwambia kuwa ni mishipa, na kwamba dawa itapunguza lakini haitaondoa. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Alijifunza kubana kiwiko ubavuni, kuegemea nguzo za kumbi, kushusha pumzi kabla ya kubonyeza. Na picha zilikuwa zinatoka vizuri. Alipoziona zimekamilika kwenye kompyuta ya Kitinda, ambaye ndiye aliyezisafisha na kuzichapa, alikuwa anajiambia kuwa mkono ni wake na bado anautawala.

Alipochungulia kwenye ile kamera ndogo, ukutani kulikuwa na kalenda yenye maandishi madogo. Maandishi yakatulia. Mkono wake ulikuwa unacheza, aliusikia unacheza, lakini kalenda haikutikisika. Muuza kamera akaeleza kuwa ndani yake kuna kitulizo, kinapoza mtikisiko wa mkono, tena kwa uzito wake mwanamke anaweza kuishika kutwa nzima. Dada Picha aliendelea kuchungulia. Aliogopa akisema neno sauti yake ingemsaliti, maana machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga pale pale dukani.

Kitinda hakuigusa. Alikuwa ameishika ile kubwa, na hoja zake zilikuwa za mtu aliyezipanga. Lenzi zao zote tatu zingeingia kwenye hii moja kwa moja. Kwenye ile zingehitaji kiunganishi, na kiunganishi ni mdomo mwingine wa kulisha. Betri ya hii inakesha na harusi. Ya ile ingezima kabla keki haijakatwa. Halafu kuna macho ya mteja.

"Dada, mtu anatulipa, halafu tunamtolea kidude ambacho mjomba wake anacho safarini," alisema. "Mteja huanza kulipa kwa macho."

Dada Picha alijitetea kwa hoja za kuokoteza. Alisema dunia inaelekea huko, alisema ndogo haitishi watoto. Kila aliyoisema Kitinda aliijibu, tena kwa adabu, naye hakuwa na namna ya kusema ile moja ambayo isingejibika. Mwishowe akaomba wakalifikirie usiku, waamue kesho. Kitinda akakubali.

Siku ile aliipitisha akipiga moyo konde. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye maradhi yenyewe hata hayakuwa ya kifo, yalikuwa ya aibu tu. Akaamua atamwambia mdogo wake. Alipanga hata maneno: nimezeeka kabla ya wakati, baba, mkono huu unanisumbua, tuchukue ile nyepesi.

Asubuhi alikuta boksi mezani studio, limeshafunguliwa. Kitinda alikuwa anafunga lenzi kwenye ile kubwa.

Akamwambia kuwa kuna harusi Jumamosi, hawakuwa na muda wa kuzungukazunguka. Alilisema bila kuinua uso. Dada Picha alisimama na mkoba wake begani. Alichosema ni kwamba ni sawa. Halafu akaenda kufagia chumba cha kupigia picha, ambacho kilikuwa kimeshafagiliwa.

Jumamosi alijaribu. Kamera peke yake angeiweza, lakini ikiwa na lenzi ndefu mbele yake ilikuwa inamvuta mkono kama mtoto anayetaka kushuka. Kwa nusu saa alibana kiwiko, akaegemea ukuta, akashusha pumzi. Maharusi walipoanza kuingia ukumbini hapakuwa na ukuta wa kuegemea. Alisimama katikati ya njia, akainua, na watu wa meza za mbele wakaiona lenzi inachora duara hewani. Kabla hajabonyeza, Kitinda alikuwa ameshafika ubavuni kwake. Alimtolea mkanda shingoni taratibu, akamwekea fleshi mikononi.

"Nipe, dada. Pumzika kidogo."

Mama mmoja wa meza ya mbele akamwambia jirani yake kuwa siku hizi kijana wa kumhurumia dada yake namna ile ni wa kutafuta kwa tochi. Dada Picha alilisikia. Aliinua fleshi juu, akammulikia mdogo wake hadi mwisho wa sherehe, na hata mara moja hakummulika bibi harusi machoni.

Hakukata tamaa. Jumatatu alirudi kwa muuza kamera peke yake, kutafuta ule mguu mmoja wa kusimamishia kamera, akiamini kuwa akipata pa kuegemeza uzito mengine atayamudu. Muuza kamera alimletea, kisha akamuuliza, kwa nia njema tu, kama ile ndogo haikuwapendeza.

"Nilidhani mngeichukua ile. Mdogo wako aliniuliza tangu mwaka jana. Alitaka kujua kama kuna kamera ya mtu anayetetemeka mkono. Nikamwonyesha hiyohiyo, akaijaribu, akaisifu sana."

Dada Picha alishukuru, akauacha ule mguu juu ya kaunta, akatoka. Hakukumbuka baadaye alipita njia gani.

Kitinda alikuwa kwenye kompyuta, anachagua picha za harusi. Dada yake akavuta kiti cha wateja, akakaa kama mteja, akamwambia aliyoyasikia. Hakupaza sauti. Alimuuliza tu ni tangu lini anajua.

Mwanzoni Kitinda alibabaika, akasema muuza kamera amechanganya watu. Kisha akaacha, akafungua picha za nyuma. Akamwonyesha zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kusafishwa. Mtoto wa mwenye duka la dawa, uso wake umevutika kama unga uliokandwa. Mahafali ya walimu, safu nzima haina macho. Harusi ya binti wa shangazi yao wenyewe. Akaeleza alivyokuwa anazinyoosha hadi saa za kulala, na zile zisizonyooka alikuwa ameshazipiga kwa simu akiwa nyuma yake, akaziingiza katikati ya za dada. Wateja wawili walirudi kulalamika. Aliwaita pembeni, akawaambia kosa ni lake.

"Mwaka mzima," Dada Picha alisema.

"Ningekwambiaje? Wewe ndiye uliyenilea."

"Ungeniambia hivyohivyo unavyoniambia sasa."

Dada Picha aliziangalia zile picha, moja baada ya nyingine, na ilimbidi akiri moyoni kuwa zilikuwa mbaya kweli. Zote alizojivunia, zile zilizotundikwa hata dirishani, hakujua tena ipi yake na ipi ya simu. Hilo angelimeza. Shubiri huwa dawa. Lakini kulikuwa na jambo jingine, akaliuliza.

"Na ile kamera ndogo? Ulijua ingenitibu. Uliishika mkononi, ukaisifu, ukarudi hapa ukakaa kimya."

Kitinda alijikuna ndevu. Alipojibu alionekana mdogo, kama alivyokuwa akionekana zamani anapokutwa na kosa.

"Ningeinunua ile, ungekaa miaka kumi mingine. Na mimi ningeendelea kukumulikia."

Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hapangi mwaka mzima mahali pa kupigia teke. Dada Picha alisimama, akarudisha kiti cha wateja mahali pake, akachukua mkoba wake. Kitinda akamfuata hadi mlangoni akimwambia kuwa mahali pake papo, kwamba anaweza kukaa mezani kupokea wateja, kwamba watu wanampenda. Akaondoka zake.

Ile kamera ndogo aliipata baadaye, kwa kuuza cherehani ya marehemu mama yao na kwa msaada wa mumewe. Ilifanya yote aliyoyaona pale dukani. Mkono ulicheza, picha zikatulia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijua kuwa kila alichokiona ni chake. Isipokuwa Kitinda alikuwa amesema kweli kuhusu wateja. Aliowafuata waliiangalia ile kamera, wakamwangalia yeye, wakauliza kwa upole kama kubwa ameiacha nyumbani. Harusi zilibaki studio, kwa Kitinda. Kwake zilikuja picha za vitambulisho, na za vichanga katika kliniki moja ya uzazi, ambako walimpenda kwa kuwa kamera yake haiamshi mtoto.

Kwenye shughuli za familia wanakutana. Kitinda anamwamkia kwa heshima zote, naye anaitikia, anauliza habari za mkewe. Shangazi yao alijaribu kuwapatanisha. Aliwaketisha sebuleni kwake, akawakumbusha kuwa damu nzito kuliko maji na kwamba kaburi la mama yao linawaangalia. Kitinda alilia pale, machozi ya kweli. Akasema mahali pa dada yake bado papo, na kamera ataichagua dada mwenyewe.

Dada Picha alimwambia shangazi kuwa amemsamehe mdogo wake kuhusu kazi. Kijana alitaka kupiga picha, nani asingetaka. Alichokwama nacho ni jioni zile za mwaka ule, alipokuwa akimwita aje aone picha ilivyotoka vizuri, naye Kitinda anakuja, anainama juu ya bega lake, anatazama picha aliyoipiga yeye mwenyewe kwa simu, na kumwambia, hapo dada umeua.

Shangazi hakuwa na methali ya hilo. Akamimina chai, wakanywa, na kila mmoja akarudi kwake kwa njia yake.