Naomi wa Miaka Minne

Veridiana alikuwa akiomba huku anatembea, maana kazi yake ilikuwa kutembea. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kwenye mabanda ya farasi wa mbio pembeni mwa Louisville, Marekani, alishikishwa kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na farasi aliyetoka mazoezini, mvuke unamtoka mgongoni kama sufuria iliyofunuliwa. Alimzungusha mpaka apoe. Akipoa huyo, analetwa mwingine. Sikio moja alimpa farasi, la pili lilikuwa na waya wa simu, na ndani ya waya huo kulikuwa na kanisa.

Kanisa hilo halikuwa na paa. Lilikuwa namba ya simu tu, ambayo watu wa Louisville, Columbus na Buffalo waliipiga kabla ya kuingia kazini, wakaomba pamoja nusu saa. Aliyeongoza ni mama Bulonza, Mkongomani wa Bukavu, mfungaji wa masanduku katika kiwanda kimoja cha Tonawanda, kando ya Buffalo. Yeye ndiye aliyekuwa na kitufe cha kuwaziba wengine wote midomo, na hakuona haya kukibonyeza.

Veridiana alizaliwa Burundi, akalelewa kambini Kigoma, shule akaiacha darasa la sita. Farasi alimwona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na moja, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kutazama. Alijua farasi anayemaliza ndoo ya chakula baada ya kukimbia ana afya, na anayeiacha nusu ana jambo. Alijua masikio yanasema nini. Miaka miwili alitazama, bila mtu kumwuliza ameona nini.

Aliyekuwa akiulizwa ni mjomba wake Medard, kaka wa mama yake, wa Columbus, jimbo la Ohio. Medard alipakia mizigo katika ghala moja upande wa Gahanna, na tangu ajue kwamba mtu anaweza kubeti mbio za farasi kwa simu, alikuwa amejipa kazi ya pili isiyolipwa. Kila Alhamisi jioni alituma sauti yake kwa marafiki: "Wapendwa wa mbio, hapa Medard, mchambuzi wenu." Halafu anapitia farasi wote wa kesho, mmoja mmoja, nani ana kasi, nani mzigo. Farasi mwenyewe hajawahi kumgusa. Siku Veridiana alipomtumia picha ya mmoja, aliuliza kama ni mgonjwa, mbona miguu myembamba hivyo.

"Mjomba, wote wako hivyo."

"Usinifundishe, binti yangu. Mimi nasoma namba. Wewe unawatembeza tu."

Basi ilikuwa Desemba 2015, na Veridiana alikuwa na jambo moja moyoni. Bandani kulikuwa na farasi jike mwekundu, miaka minne, aliyeandikishwa kwa jina la Sista Naomi. Katika mbio nne za vuli alikuwa wa mwisho mara nne. Bosi, mkufunzi wa banda hilo, alishachoka naye. Lakini Veridiana alikuwa ameona kitu. Mbio zile zote zilikuwa kwenye udongo, na kwenye udongo farasi wa mbele humrushia wa nyuma mabonge usoni. Naomi akipigwa bonge la kwanza hufumba macho, huinua kichwa, na hapo mbio zimekwisha, hata kama miguu bado inakimbia. Siku moja walimpeleka kujaribu kwenye uwanja wa majira ya baridi, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Uwanja huo haukuwa wa udongo. Ulikuwa wa mchanga uliochanganywa na nta, nyuzi na vipande vya mpira, mvua inanyesha na maji yanapita chini kama kwenye chujio, hali ya hewa iwe yoyote mbio zinaendelea. Hapo kinachoruka ni kidogo sana. Naomi alikimbia nyuma ya wenzake wawili masikio yamesimama mbele, akarudi bandani akamaliza ndoo, akailamba.

"Bosi," Veridiana alisema kwa Kiingereza chake cha kuhesabu maneno, "Naomi, mchanga wa nta, mzuri."

Bosi alimtazama kama mtu aliyesikia ngazi inaongea. Kisha akacheka. "Sawa. Ijumaa namwingiza. Akishinda, namtoa mikononi mwa wengine, utamtunza wewe. Kulisha, kusugua, miguu, kila kitu."

Kutoka mtembezaji mpaka mtunzaji ni hatua kubwa. Usiku ule Veridiana alishindwa kula. Tatizo lilikuwa moja: zilikuwa mbio za kuchukuliana. Katika mbio hizo kila farasi ana bei yake, na mkufunzi yeyote anaweza kudumbukiza karatasi ya kumnunua sandukuni kabla ya mbio. Mbio zikiisha, farasi ni wake, awe wa kwanza au wa mwisho. Bosi hakuwa na wasiwasi. Nani atamtaka farasi aliyekuwa wa mwisho mara nne? Kwa hiyo Veridiana alihitaji mambo mawili yanayogombana: Naomi ashinde, na kabla hajashinda asionekane.

Jambo kama hilo utalipeleka wapi? Jumatatu alfajiri, akimzungusha Naomi mwenyewe, alisubiri zamu yake.

"Bon, bapendwa," alisema mama Bulonza kutoka Buffalo, "nani iko na hitaji?"

"Mimi, mama. Veridiana wa Louisville. Naomba mnisaidie kumwombea Naomi. Ijumaa watu wasimwangalie sana. Asichukuliwe."

"Naomi ni wa kwako?"

"Namlea."

"Iko na miaka ngapi?"

"Minne."

"Yesu wangu!" Mama Bulonza akapiga kelele hata farasi akatikisa sikio. "Miaka ine! Na banataka kumubeba!"

Kwa watu wale, neno "kuchukuliwa" lilikuwa na maana moja tu katika Marekani nzima. Mtoto huchukuliwa na serikali. Umemchapa kidogo, jirani amepiga simu, anakuja mwanamke mwenye faili, na mtoto anaondoka na begi lake la shule. Kila mtu kwenye laini alikuwa na hadithi ya mtu aliyesikia hivyo. Veridiana alifungua mdomo asahihishe, lakini mama Bulonza alishabonyeza kitufe chake, na maombi yalikuwa yameanza. Yalikuwa makali. Serikali ilifungwa kamba, mafaili yalichomwa moto, mwanamke akapofushwa njiani. Mwisho ikatangazwa mfungo wa siku tatu.

Veridiana akajiambia: Mungu anajua nilichosema. Akanyamaza. Hakusema uongo, alinyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea.

Jumatano mambo yalimzidi. Mama Bulonza alisema amempata wakili, na magari mawili yatatoka Tonawanda Alhamisi, yapitie Columbus kuchukua watu, yafike Louisville kusimama mbele ya hakimu. "Tunavaa nguo nyeupe bote," alisema. "Hakimu aone ile mutoto haiko peke yake."

"Mama," sauti ya Veridiana ilitoka nyembamba, "Naomi si mtoto."

"Miaka ine si mutoto?"

"Ni farasi, mama."

Mtu mmoja alikohoa mahali fulani Ohio.

"Donc," alisema mama Bulonza polepole, "mimi nashinda njaa siku mbili kiwandani juu ya punda?"

"Farasi, mama. Naomba msamaha. Nilitaka kueleza ukanibonyezea."

"Eleza sasa! Nimekuachilia. Eleza!"

Veridiana akaeleza. Alikuwa hajawahi kupewa nafasi ya kusema kwa dakika nzima, na kosa lake lilimsukuma aseme yote asije akaonekana mwongo tena. Alieleza mabonge ya udongo na macho yanayofumbwa. Alieleza mchanga wa nta. Alisema katika farasi tisa wa Ijumaa, wawili wanapenda kutoka mbele, watachoshana, na uwanja huo hausamehe wanaojichosha mapema; kuna mmoja wa kijivu ana kasi ila juzi aliacha chakula; waliobaki ni wa kawaida. Naomi atakaa nyuma, atulie, kwenye kona ya mwisho watamfungulia. "Atashinda," alisema. "Ndiyo maana naogopa. Wakufunzi wengine wakijua kabla, watamchukua, na mimi nitabaki na kamba."

Kisha ikatoka sauti nzito ya shemasi Nshombo wa Newburg, mtaa wa Louisville, ambaye Jumapili mbili mfululizo alikuwa amehubiri kwamba kamari ni mlango wa jehanamu.

"Ile farasi inakimbia saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, shemasi. Mbio za tatu."

"Bon. Nauliza juu ya maombi. Tujue saa ya kuomba."

"Na namba yake mgongoni?" aliuliza dada mmoja wa Columbus.

"Sita. Kwa nini?"

"Tuombe kwa usahihi."

Mjomba Medard naye alikuwa kwenye laini, akisikiliza. Alhamisi jioni uchambuzi wake ulitoka kama kawaida, na kwa mara ya kwanza ulikuwa na mabonge ya udongo, macho yanayofumbwa, na mchanga wa nta. "Hii nimeigundua kwenye namba," alisema.

Ijumaa ilikuwa baridi yenye mvua ya barafu. Watazamaji walikuwa wachache, wazee wenye kofia na vikombe vya kahawa. Siku kama hiyo waliobeti ni wachache, na watu ishirini wakiegemea farasi mmoja, ubao wa malipo unawaona, na malipo ya farasi huyo yanashuka. Veridiana alikuwa akimzungusha Naomi kwenye duara la kuoneshea farasi, akainua macho. Namba sita: thelathini kwa moja, yaani dola moja ikishinda inalipa thelathini. Mzunguko mmoja. Ishirini kwa moja. Mzunguko wa pili. Kumi kwa moja.

"Nini hiki?" bosi alisema.

Nane kwa moja. Ilikuwa Buffalo, mapumziko ya chai kiwandani. Tano kwa moja. Hiyo Columbus. Kila mmoja alijificha chooni au nyuma ya mizigo akijua ni yeye peke yake anayetenda dhambi, na kwa kuwa ni peke yake, ni dhambi ndogo.

Kando ya uzio mkufunzi mmoja mwenye kofia ya kijani alitazama ubao, akamtazama Naomi, akatazama tena ubao. Alimtazama miguu. Alimtazama masikio. Veridiana aliomba mvua izidi. Alijaribu hata kumfanya farasi achechemee, akavuta kamba vibaya, lakini Naomi alitembea kama bibi harusi. Mtu yule akatoa kalamu mfukoni, akaenda zake upande wa sanduku.

Mbio zenyewe zilikuwa kama alivyosema. Wawili walitoka mbele wakachoshana. Wa kijivu aliishiwa pumzi. Kwenye kona ya mwisho namba sita alifunguliwa, akawapita kwa nje, uso safi, macho wazi. Bosi alirusha kofia juu. Veridiana hakurusha kitu. Alikuwa akitazama lango, mahali wanaposimama wanaosubiri farasi waliowachukua, na kofia ya kijani ilikuwa pale, pamoja na mtembezaji wake na kamba mpya.

Walimbadilisha Naomi kamba palepale. Alipewa peremende, akaitafuna, akaondoka na watu asiowajua bila kugeuza shingo.

Bosi alikuja akiwa mwekundu. "Kuna mtu amesema. Ubao hauanguki hivi hivi. Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Mungu."

"Na nani mwingine?"

Veridiana alifikiri, maana hakutaka kusema uongo. "Buffalo. Columbus. Louisville kidogo."

Bosi alivua kofia, akaikung'uta maji. "Nilikuahidi farasi," alisema mwishowe. "Farasi hayupo." Akaenda zake.

Jumatatu laini ilijaa kuliko siku zote. Shemasi Nshombo alitoa ushuhuda kwamba Bwana amempatia matairi ya theluji, manne, kwa njia isiyoelezeka. Dada wa Columbus alishukuru kwa koti. Mwingine kwa jino. Hakuna aliyeuliza mwenzake.

"Na ile mutoto wetu, Veridiana?" aliuliza mama Bulonza kwa upole.

"Amechukuliwa, mama."

"Oh, pole. Pole sana. Lakini ilishinda?"

"Alishinda."

"Amen!" Walisema wote kwa pamoja, kwa nguvu ambayo hata siku ya mfungo haikusikika, halafu wakakumbuka wakanyamaza.

Mchana mjomba Medard alipiga. Alikuwa na haja ya kumweleza jinsi Naomi alivyoshinda. Alimweleza nta, alimweleza nyuzi, alimweleza vipande vya mpira. Veridiana alisikiliza mpaka mwisho, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake farasi mzee wa kahawia ambaye hakuna aliyemtumainia. Farasi huyo alikuwa ametoka kujaribiwa kwenye mchanga wa nta. Alikuwa akilamba ndoo yake ndani, pande zote, bila haraka.

"Sasa, binti yangu," alisema Medard, "wiki hii bandani kwenu kuna hitaji lolote la maombi?"

Veridiana alimtazama yule mzee akilamba.

"Hapana, mjomba," alisema. "Mimi na Mungu siku hizi tunaongea pembeni."