Mkungu wa Bi Mwanaharusi

Mwishehe alikuwa mnyapara wa kukata matawi yanayokaribia nyaya za umeme mjini Bagamoyo, na genge lake lote lilikuwa mtu mmoja, Kombo. Kombo akipanda, Mwishehe alishika kamba chini, kisha akaandika katika daftari la kazi mti gani umekatwa na nani kaupanda. Kuandika huko alikupata ukubwani, katika kisomo cha jioni, akiwa na miaka arobaini na miwili. Kila ukurasa mpya aliuanza kwa bismillahi.

"Mwalimu," Kombo alimtania, maana yeye hakujua hata herufi moja, "niandike vizuri. Usije ukaandika nimekufa, mke wangu akakaa eda bure."

"Wewe Mkwere ukifa hatutahitaji daftari. Mji wote utajua kwa utulivu."

Kazi yao ilikuwa na adabu yake. Nyumba za mji mkongwe zina ua, na uani ndiko wanawake wanakopikia, wanakosukana na kuogea. Mtu aliye juu ya mti anaona yote. Kwa hiyo Kombo, kama wafanyavyo wakwezi wa minazi, hakuinua mguu kabla ya kupaza sauti: "Hodi jamani! Mtu anapanda!" Akangoja, wenyewe wakajifunika au wakaingia ndani, ndipo akapanda.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa sabini na tatu, Kombo alikuja asubuhi macho yamemwiva. Mjomba wake amefariki Kiwangwa.

"Nenda, ndugu yangu," Mwishehe alimwambia. "Leo nitapanda mwenyewe."

Ruhusa hiyo ilikuwa ya mdomo tu. Umeme wa mtaa waliopangiwa siku hiyo ulikuwa umezimwa mpaka adhuhuri kwa ajili yao, na balozi wa nyumba kumi alikwisha kupita kutangaza. Mwishehe akakata mti wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Wa nne ulikuwa mkungu mkubwa, tawi lake moja limelala karibu kabisa na nyaya. Ulikuwa uani kwa Bi Mwanaharusi, mama mzazi wa Zaina, mkewe.

Kwa miaka kumi na sita ya ndoa, Mwishehe hakuwahi kupita ukumbi wa nyumba ile. Akikutana na mkwewe njiani aliinamisha macho na kusogea kando. Leo apaze sauti kumwambia ajifunike? Halafu apande juu ya kichwa chake, autazame ua wake, kamba za nguo zake? Akauzunguka ukuta, akasimama, akauzunguka tena. Mwisho akajitwika kamba begani akaondoka.

Kombo akirudi ataukata, alijiambia. Lakini ili Kombo aukate, umeme ungepaswa kuzimwa tena, na Bwanaheri, msimamizi wao, angeuliza sababu. Basi akakaa chini, akaandika: "Mkungu, nyumba ya Bi Mwanaharusi. Umekatwa." Alipofika pa kuandika jina la mpandaji, mkono ulisita. Hata katika karatasi aliona haya kuonekana yuko juu ya mkwewe. Akaandika: "Kombo."

Kombo aliporudi walipelekwa barabara ya Mbegani. Mwishehe alisema atamweleza kesho, na kesho ikawa keshokutwa, mpaka masika ikaanza.

Wiki ya pili ya mwezi wa nne, upepo wa alfajiri ulilivunja lile tawi, likazikata nyaya mbili. Mtaa mzima na zahanati vikakosa umeme siku mbili. Dawa za chanjo zikaharibika kwenye friji, zikamwagwa. Mwishehe alipita pale akawakuta kina mama waliotoka Miono wamekaa barazani na watoto migongoni, wameambiwa warudi mwezi ujao.

"Baba," mmoja alimwita, alipoiona kamba begani mwake, "huo umeme unarudi lini? Mimi nimetembea tangu jana."

"Inshallah," alijibu, akakaza mwendo. Mbele kidogo akajishtukia. Alikuwa amelitumia jina la Mungu kujifichia.

Siku ile ile Bwanaheri aliwaita wote wawili. Daftari lilikuwa wazi mezani.

"Kombo, mkungu wa Bi Mwanaharusi uliupanda wewe?"

"Mimi? Hapana, bwana. Huo sijaugusa."

"Hapa umeandikwa. Jumanne ya mwezi uliopita. Umekatwa na Kombo."

"Jumanne hiyo nilikuwa Kiwangwa, mazikoni."

"Kwa ruhusa ya nani? Mimi sikukupa."

Kombo aligeuka tu akamtazama Mwishehe, kwa utulivu, kama mtu anayengoja mwenzake ampishe mlangoni. Mwishehe alikuwa na neno moja tu la kusema. Akatazama miguu yake.

"Basi," Bwanaheri alisema. "Hukupanda, ukadai umepanda, na siku yenyewe hukuwapo kazini. Kesho usije."

Mchana huo Mwishehe alisimama msikitini, akarukuu, akasujudu, na alipoinua mikono kuomba hakupata la kuomba. Kuomba msamaha aliogopa, kwa sababu alijua jibu lake: nenda kaseme. Akashusha mikono mitupu.

Alasiri Zaina akamwambia, "Mama anakuita."

Alikaa ukumbini pale pale anapokaa siku zote. Bi Mwanaharusi alikuwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

"Siku ya kukata miti nilikuwa ndani tangu asubuhi. Balozi alikwisha kutuambia. Nguo nilianua, mlango wa uani nilifunga, chakula nikapikia huku mbele. Nikakusikia unazunguka ukuta. Nikasema, maskini, ananionea haya. Nilitaka kukwambia panda baba, nikaona haya na mimi." Sauti ikasogea karibu na pazia. "Sasa naambiwa kijana wa watu amefukuzwa kwa sababu ya mti wangu. Aliupanda?"

"Hakuupanda, mama."

"Nani aliyesema aliupanda?"

"Mimi."

Sauti ya nyuma ya pazia ikaja, bila ukali. "Usiniweke mimi ndani ya jambo hilo, mwanangu. Mimi nilikwisha kuingia ndani. Nenda kaseme."

Asubuhi iliyofuata alisema. Alisema amesimama, daftari mbele yake, na Bwanaheri hakumkatiza. Alivuliwa unyapara pale pale, akapelekwa kwenye genge la kuchimba mashimo ya nguzo, na Kombo akarudishwa. Mwishehe akaomba jambo moja: habari hiyo aipeleke yeye.

Alimkuta Kombo mlangoni kwake, Magomeni ya pale pale Bagamoyo. Dija, mkewe Kombo, alikuwa anafunga mizigo. Wangerudi Kiwangwa kwa gari la mchana. Mwishehe hakukaa, na hakuna aliyemkaribisha kiti. Alieleza yote, mkungu, ukuta, mkwewe, kina mama wa zahanati, na jina aliloliandika.

Kombo alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikutazama," alisema. "Pale ofisini. Nikadhani hujasikia."

"Nilisikia. Niliona haya."

"Ulimwonea haya mkweo, hukupanda. Ukamwonea haya Bwanaheri, hukusema. Kina mama wa zahanati ukawaonea haya, ukawapita." Kombo aliongea polepole, bila kupaza sauti. "Mimi je? Mimi ninayefungana nawe kamba moja kila siku. Mbona mimi hukunionea haya?"

Jibu lililomjia Mwishehe lilikuwa moja, nalo alilitoa kwa shida: "Kwa sababu nilijua hujui kusoma."

Dija aliacha kufunga. Kombo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelijua neno hilo kabla halijatamkwa.

"Niwie radhi, Kombo."

"Nimesikia. Mungu ndiye anayejua." Kisha akamgeukia mkewe. "Fungua hayo mafurushi. Kesho naenda kazini."

Dija akachuchumaa na kuanza kufungua mafundo, moja moja, naye Kombo akainama kumsaidia. Mwishehe alibaki amesimama juani. Aliaga, wakamwitikia, akaondoka kwenda kuuliza mashimo yanaanzia wapi.