Kazi ya Kimo Chake

Umeme ulikatika mchana katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine zikanyamaza na mashuka yao tumboni, na msimamizi akawaambia wafuaji warudi makwao. Mama mmoja wa watoto watatu akavua aproni, akanawa mikono iliyonuka dawa, akashika njia. Alikuwa na furaha. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alifika nyumbani jua likiwa bado juu.

Uani alimkuta kitinda mimba wake akikimbiza tairi. Tangu meno ya mbele yamng'oke, mtaa mzima ulimwita Kibogoyo, naye aliitika bila kinyongo. Alipomwona mama yake akaongeza mbio, akajikwaa, akaanguka kwenye saruji na goti likachubuka. Mama akatupa mkoba, akapiga magoti, akafungua mikono ampokee. Mtoto akainuka huku analia, akampita kama mtu apitavyo nguzo, akajitoma jikoni.

"Dada! Dada, damu!"

Mama akabaki pale chini, mikono wazi, hana wa kumkumbatia.

Alipoingia jikoni, binti yake wa kwanza alikuwa ameshampakata mdogo wake, analipuliza lile goti. "Pole, baba. Nyamaza. Si unaona linapona?" Kisha akainua macho. "Shikamoo, mama. Leo umewahi. Chai iko kwenye chupa." Alisema hivyo kama mwenye nyumba anayempokea mgeni.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alimtua mdogo wake, akapanda juu ya kigoda, akashika kwa vitambaa masikio ya sufuria kubwa lililokuwa likichemka motoni, maji ya kuogea nyumba nzima. Mvuke ukamfunika uso.

"Acha!" mama akapiga kelele. "Acha hapo hapo!"

"Usijali, mama. Nimezoea."

Mama akaliepua sufuria mwenyewe. Ndipo alipouona mkono wa mwanawe, chini kidogo ya kiwiko: kovu la kuungua, limeshakuwa la kahawia.

"Hili nalo?"

"La zamani. Haliumi."

Mama alikwenda akaketi chumbani, akajiuliza zamani hiyo ilikuwa lini, na yeye alikuwa wapi.

Alijua ilivyoanza. Mwaka uliopita alifanyiwa upasuaji, akalala kitandani wiki nyingi asiweze kuinua hata ndoo. Binti ndiye aliyejitosa. Akapika, akafua, akafagia, akamwogesha mdogo wake. Hakuna aliyemwambia aanze. Na mama alipopona akarudi kazini, hakuna aliyemwambia aache. Majirani wakampa jina la Meneja. "Mwenzetu umezaa," walimwambia mama, naye alicheka nao na kuona fahari. Wa pili, mvulana wa miaka tisa, yeye aliitwa Bwana Kesho, maana ukimtuma chochote jibu lilikuwa hilo moja, na mambo yakaishia hapo kwa sababu dada yake angefanya leo.

Jioni baba alirudi. Alikuwa fundi umeme, mtu mpole, mifuko yake daima imejaa bisibisi na vipande vya waya. Mama akamweleza yote.

"Lakini ni mafunzo, mke wangu," baba akasema. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Mkunje, sio umvunje. Sisemi wasifanye kazi. Nasema kila mmoja afanye ya kimo chake. Huyu mmoja tumemtwisha ya wote, na ya kwako imo."

"Yangu?"

"Yako. Niambie steliwaya ya kusugulia masufuria inakaa wapi."

Baba akatazama jikoni, akatazama dari.

Asubuhi ya Jumamosi waliwaita watoto mezani. Kibogoyo akapewa kupanga vijiko na kuoanisha soksi zilizofuliwa. Alirukaruka kwa furaha. Kwa muda mrefu alikuwa akiomba kazi na kuambiwa atavunja. Bwana Kesho akapewa vyombo na kufagia uani. Akafungua mdomo.

"Ukisema kesho," baba akamkatiza, "kesho utakuta vya leo vinakusubiri pamoja na vya kesho."

Moto, maji ya kuchemka na masufuria makubwa vikawa vya wakubwa. Binti akaambiwa akunje nguo zake, amsaidie mama kukatakata mboga siku ambazo hana masomo mengi, basi.

"Basi tu?" akauliza.

"Basi tu. Nenda kacheze."

Akaenda akasimama mlangoni, akawatazama wasichana wenzake wakiruka kamba, kisha akarudi ndani.

Siku za kwanza nyumba ilipinda. Kibogoyo aliweka soksi nyekundu na ya kijani pamoja, akieleza kwamba ni marafiki. Baba alisugua sufuria kwa bidii hadi likang'oka sikio. Sahani za Bwana Kesho zilitoka na mapovu yaliyokauka, na chai ya baba ikanuka sabuni; akainywa, akamsifu mwoshaji. Mama alirudi kutoka kazini akakuta uani hapajafagiwa vizuri, akauma ulimi.

Mtu ambaye hakutulia alikuwa binti. Alizungukazunguka kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Siku moja Bwana Kesho alirudi jikoni kuchukua mpira wake, akamkuta dada yake ameshusha sahani zote kabatini, anaziosha upya, polepole, zisigongane. Mvulana akaona uso umemchoma.

"Kama unarudia, si ungeosha tangu mwanzo!" akafoka. "Mimi sioshi tena! Muulize mama kama kazi hii si yangu!"

Mama alisikia, akaja. Mvulana alikuwa na machozi, jambo lililomshangaza mama kuliko yote; hakujua kwamba zile sahani zilikwisha kuwa mali yake kiasi hicho. Akamshika bega, akamwambia ameosha vizuri kuliko jana, akampeleka nje. Kisha akafunga bomba na kuketi kwenye kigoda, macho yake yakawa sawa na ya binti.

"Niambie."

"Zilikuwa na sabuni."

"Sabuni haiui mtu. Niambie."

Binti akafuta mikono, akaitazama sakafu. "Nikiacha, utafanya wewe. Ukifanya wewe utaumwa tena. Ulipolala kule ndani nilikuwa nasikia unavyougua. Nikasema nikifanya kila kitu, hutaumwa."

Kumbe mtoto hakuwa akibeba sufuria peke yake. Alikuwa akimbeba yeye.

"Mwanangu, mimi sikuumwa kwa sababu ya vyombo. Kulikuwa na uvimbe, wakautoa, kidonda kikapona. Hukuniponya kwa kufagia, na hutaniua kwa kucheza. Ulinisaidia sana, tena sana, na mimi sikukushukuru wala sikukupumzisha. Nakushukuru sasa. Na sasa pumzika."

"Umepona kweli?"

"Njoo uone."

Akasimama, akamkamata kiunoni, akamnyanyua. Binti alikuwa mrefu, miguu yake ikaning'inia karibu kugusa sakafu, na mama akapepesuka hadi kabatini, lakini hakumwacha. "Mama, nishushe! Mama, mimi mzito!" alipiga kelele, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kwikwi ambacho mama alikuwa amekisahau. Kibogoyo akaja mbio akidai zamu yake.

Mambo hayakunyooka siku hiyo moja. Ilibidi binti amwombe radhi Bwana Kesho, naye akakubali kwa sharti kwamba asiguse kabati la sahani bila ruhusa. Kuruka kamba alikuwa mbovu. Wenzake walimcheka, akanuna, akarudi tena. Siku nyingine alijisahau akashika ufagio, na mama akanyoosha mkono tu, naye akautoa.

Jumamosi moja jua lilipanda hadi dirishani na binti hajatoka chumbani. Wengine walikuwa wameshakaa kula. Kibogoyo akauliza kama dada anaumwa.

"Amelala," mama akasema.

"Nikamwamshe?"

"Mwache," baba akasema, akimkatia kipande cha mkate.

Walikula wakinong'ona. Hatimaye mlango ukafunguka, binti akatokea na nywele zimesimama, alama ya mto shavuni, macho nusu yamefumba. Akavuta kiti chake, akajitupa juu yake, akaegemeza kichwa mezani.

"Mama," akasema, "nina njaa."

Mama akanyanyuka, akamtilia chai.